Vijećnica: jumba la mji lililoungua, na karatasi zake

Mara nyingi tukiandika historia tunaandika ya kwetu, na ni vizuri. Leo naomba niwapeleke mbali kidogo, mpaka Ulaya, kwenye mji wa Sarajevo, nchi ya Bosnia na Herzegovina. Kuna jumba moja pale linaitwa Vijećnica. Kulitamka sema "Vyechnitsa", utakuwa umekaribia. Neno linatokana na vijeće, maana yake baraza. Kwa hiyo ni nyumba ya baraza la mji. Sisi tuliotoka ng'ambo ya ziwa tungesema komini, au meri kama ni mji mkubwa. Watanzania wangesema manispaa.

Najua kuna mtu ameshauliza moyoni: nyumba ya Wazungu inanihusu nini mimi? Twende taratibu, utaona inavyotuhusu.

Sarajevo imekaa bondeni. Milima imeuzunguka mji karibu pande zote, na katikati unapita mto Miljacka, ambao mtu wa Ruzizi au Malagarasi akiuona ataona kama kijito tu. Waturuki wa dola ya Osmani waliitawala Bosnia kuanzia 1463 mpaka 1878. Katika miaka hiyo mji ulijaa misikiti na masoko, pia makanisa ya Waorthodoksi, ya Wakatoliki, na sinagogi. Hao Wayahudi wa Sarajevo, wengi wao asili yao ilikuwa ukimbizi. Walifukuzwa Uhispania mwaka 1492, wakapokewa katika nchi za Osmani, na baadhi wakafika mpaka Bosnia na Kihispania chao, wakaendelea kukizungumza nyumbani kwa mamia ya miaka. Yaani suala la mkimbizi kusahau lugha yake baada ya kizazi kimoja si lazima litokee.

Mwaka 1878 wakubwa wa Ulaya walikutana Berlin. Si ule mkutano wa 1884 tuliofundishwa shuleni wa kugawana Afrika, huu ulikuwa wa kabla yake, ila tabia ni ileile. Pale mezani Bosnia ikakabidhiwa kwa dola ya Austria na Hungaria, iitawale. Watu wa Bosnia hawakuulizwa.

Mtawala mpya akiingia, kitu cha kwanza anataka ofisi. Austria ikaamua kujenga jumba kubwa la baraza la mji, kando ya mto, pembeni ya mji wa zamani. Kiwanja kilikuwa na wenyewe. Hapo ndipo kuna kisa ambacho kila mtu wa Sarajevo atakusimulia, hata kama hukumwuliza. Inasimuliwa kwamba mzee mmoja mwenye nyumba alikataa kuhama. Wakambembeleza, akakataa. Mwisho akatoa masharti: mfuko wa sarafu za dhahabu, halafu nyumba yake ibomolewe tofali kwa tofali na jiwe kwa jiwe, ihamishiwe ng'ambo ya pili ya mto, ijengwe upya vilevile ilivyokuwa. Wakubali wasikubali, wakakubali. Nyumba hiyo bado iko, siku hizi ni mgahawa, na inaitwa Inat kuća, nyumba ya inat. Neno inat hata sisi tunalo. Waswahili wa pwani wanasema inadi, mtu kufanya jambo kwa makusudi ili wewe ukereke. Neno moja la Kiarabu, lilifika Bosnia kwa mdomo wa Mturuki na kwetu kwa mdomo wa mfanyabiashara wa pwani. Mimi hicho kisa nakipenda kuliko jumba lenyewe, kwa sababu ni wachache sana waliowahi kuhamishwa na serikali wakahamishwa na ukuta wao.

Ujenzi ulianza 1892. Mchoro wa kwanza ulikuwa wa msanifu majengo Mcheki, Karel Pařík. Waziri aliyeisimamia Bosnia kutoka Vienna, Benjamin Kállay, hakuupenda. Kazi ikapewa Alexander Wittek. Msukosuko wa kazi hiyo sijui ulimfanya nini, lakini huyu Wittek aliugua akili, akafariki 1894 kabla jumba halijafunguliwa. Aliyemalizia ni wa tatu, Ćiril Iveković. Tarehe 20 Aprili 1896 likafunguliwa rasmi.

Ukiangalia picha zake utashangaa. Uwanja wake una pembe tatu, kama kipande cha kitumbua kilichokatwa. Katikati kuna ukumbi wenye pembe sita, umezungukwa na nguzo na matao kwa ghorofa, na juu yake kuba la vioo vya rangi linaloleta mwanga chini. Kuta za nje zina mistari ya kulala, rangi ya njano na ya matofali, mstari baada ya mstari. Matao yamepinda kama kwato ya farasi. Ndani, plasta imechongwa na kupakwa rangi kiasi kwamba jicho halipati pa kupumzika. Mtu akikuonyesha picha bila kukuambia, utasema hii ni Misri au Moroko.

Na hapo ndipo pana jambo. Waislamu wa Bosnia hawakuwahi kujenga hivyo. Misikiti yao ilikuwa ya mtindo wa Kituruki, kuba la kijivu na mnara mwembamba kama penseli. Mtindo wa Vijećnica ulichukuliwa Cairo na kwenye majumba ya zamani ya Uhispania ya Waislamu. Austria ilitaka kuwaambia watu wa Bosnia, "tunaheshimu utamaduni wenu," na wakati huohuo ilitaka wajione tofauti na Waserbia na Wakroatia wa jirani, wasije wakaungana nao. Kállay alikuwa na siasa hiyo wazi kabisa. Sasa badala ya kumwuliza mwenyeji, utamaduni wako unafananaje, wakamtafutia mwingine kwenye vitabu vya michoro. Waingereza walifanya kitu kinachokaribia hicho Zanzibar, pale msanifu wao J. H. Sinclair alipojenga majengo ya serikali yenye makuba na matao ya "kiarabu" ambayo mafundi wa Mji Mkongwe hawakuwa nayo. Mgeni anakuchorea sura yako, halafu anakupa kama zawadi. Lakini nikiri kwamba baada ya miaka, zawadi hiyo inazoeleka. Watu wa Sarajevo walilizoea jumba lao, wakalipenda, likawa kwenye kadi za posta. Wajukuu hawakujali tena nani alilichora.

Sasa tuje 28 Juni 1914.

Siku hiyo mrithi wa kiti cha Austria, Franz Ferdinand, na mkewe Sophie, walikuja Sarajevo. Magari yalipita kando ya mto kuelekea Vijećnica kwa mapokezi. Njiani kijana mmoja, Nedeljko Čabrinović, akarusha bomu. Likamkosa mwenyewe, likajeruhi watu wa gari la nyuma. Msafara ukaendelea mpaka jumba la mji. Meya, Fehim Čurčić, alikuwa ameshaandaa hotuba ya kukaribisha, akaanza kuisoma kama ilivyoandikwa, maskini, utadhani hakuna kilichotokea. Mgeni akamkatiza kwa hasira: amekuja kutembelea, anapokewa na mabomu! Baadaye akatulia. Ikaamuliwa aende hospitali kuwaona majeruhi, na njia ibadilishwe kwa usalama. Wakashuka ngazi za Vijećnica, na picha yao wakishuka ipo mpaka leo. Tatizo ni kwamba dereva hakuambiwa kuhusu njia mpya. Akakata kona ya zamani, akaambiwa asimame, na pale aliposimama alikuwepo Gavrilo Princip, kijana wa miaka 19, na bastola. Dakika chache tu baada ya zile ngazi.

Mwezi mmoja baadaye Austria ilitangaza vita dhidi ya Serbia, halafu moto ukashika Ulaya nzima. Wanahistoria wanasema kuni zilikuwa zimeshapangwa siku nyingi, na mimi nakubaliana nao. Ila kiberiti kiliwashwa pale.

Na moto huo ulifika kwetu. Nchi yetu ya Maziwa Makuu ilikuwa imegawanywa: Wajerumani upande wa Tanganyika, Rwanda na Urundi, Wabelgiji upande wa Congo. Ziwa Tanganyika likawa uwanja wa vita. Wajerumani walikuwa na meli kubwa, Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma. Mwaka 1916 jeshi la Wabelgiji, Force Publique, ambalo askari wake walikuwa Wakongomani, liliingia Kigoma, na Septemba mwaka huohuo likaingia Tabora. Wajerumani kabla ya kukimbia waliizamisha meli yao wenyewe. Wapagazi walibeba risasi na chakula kwa mabega yao, na walikufa makumi ya maelfu kwa njaa, kuhara na homa. Jina la Kariakoo, lile soko la Dar es Salaam, linatokana na jeshi hilo la wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps. Vita vilipoisha Rwanda na Urundi zikatoka mikononi mwa Mjerumani zikapewa Mbelgiji, na yaliyofuata kule, wengi wetu tunayajua kwa kuyaishi.

Ile meli iliibuliwa kutoka chini ya ziwa mwaka 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Mnaijua. Mei 2015, Warundi waliokuwa wamerundikana Kagunga, wanaugua, hawana pa kwenda, walibebwa na Liemba mpaka Kigoma. Kuna watu katika kikundi hiki walipanda meli hiyo. Basi ukiniuliza tena Sarajevo inakuhusu nini, nitakuuliza ulifikaje Tanzania.

Turudi kwenye jumba. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Bosnia ikiwa sehemu ya Yugoslavia, Vijećnica ilibadilishwa kazi. Ikawa Maktaba ya Taifa na ya Chuo Kikuu. Ule ukumbi wa pembe sita, waliopitia wakubwa wa Austria, ukawa mahali pa wanafunzi kukaa na kusoma. Kilichohifadhiwa mle kilifika kama vitabu milioni moja na nusu. Kati ya hivyo, zaidi ya 155,000 vilikuwa vitabu adimu na miswada ya mkono. Magazeti yote yaliyowahi kuchapishwa Bosnia yalikuwemo. Kwa Kibosnia, Kituruki, Kiarabu, Kijerumani, Kilatini, Kihispania cha Wayahudi. Mchanganyiko wa mji wote ulikuwa umelala kwenye rafu moja, jirani na jirani, bila kugombana.

Aprili 1992, Yugoslavia ikivunjika, majeshi ya Waserbia wa Bosnia yaliizingira Sarajevo. Kumbukeni nilisema mji uko bondeni. Mizinga iliwekwa milimani, na chini kulikuwa na watu wanaotafuta maji na mkate. Mji ulizingirwa siku 1,425. Zaidi ya watu 11,000 waliuawa, wengi wao raia, watoto wakiwemo.

Usiku wa 25 kuamkia 26 Agosti 1992 makombora ya kuwasha moto yalianza kuanguka juu ya Vijećnica. Jengo lenyewe ndilo lililolengwa. Zimamoto walifika, maji hakuna, mabomba makavu, na wao wenyewe wakipigwa risasi na wadunguzi. Wakutubi na raia wa kawaida walipanga mstari wakapokezana vitabu mkono kwa mkono kuvitoa nje, huku risasi zinalia. Mkutubi mmoja kijana, mwanamke, aliuawa siku hiyo akijaribu kurudi nyumbani. Joto lilikuwa kali mpaka nguzo za ndani zikapasuka. Karibu asilimia 90 ya vitabu viliteketea. Watu wa mji wanakumbuka kwamba baada ya hapo majivu ya kurasa yalikuwa yanaanguka mjini kote, meusi, mepesi. Ukikishika kipande cha karatasi iliyoungua, kwa sekunde moja unaweza bado kuona maandishi, halafu kinasagika mkononi.

Nataka mwelewe hili vizuri, maana wengine husema "vita ni vita, nyumba zinaungua tu". Miezi mitatu kabla, mwezi Mei, Taasisi ya Mashariki ya Sarajevo ilipigwa pia na ikaungua. Mle kulikuwa na miswada zaidi ya 5,000, na nyaraka za utawala wa Osmani zikiwemo kumbukumbu za ardhi: nani alikuwa na shamba wapi, tangu lini. Ukichoma kitu kama hicho, hujamshinda askari hata mmoja. Umefuta ushahidi kwamba watu fulani waliishi hapo. Kesho ukisema "hawa hawakuwahi kuwa wa hapa", nani atakuonyesha karatasi ya kukukatalia?

Kuna jambo moja linanisumbua kila nikisoma habari hizi. Mmoja wa viongozi wakubwa wa upande ule uliouzingira mji alikuwa Nikola Koljević, profesa wa Chuo Kikuu cha Sarajevo, mtaalamu wa Shakespeare. Alisoma, alifundisha vijana, alizijua thamani za vitabu kuliko mimi na wewe. Tumezoea kuambiwa kwenye semina kwamba elimu ndiyo dawa ya vita. Mimi naipenda elimu, lakini huyu mzee ananifanya nisiimeze sentensi hiyo nzima.

Mahakama ilikuja baadaye. Mahakama ya kimataifa kule The Hague ilimhukumu jenerali Stanislav Galić kifungo cha maisha kwa ajili ya kuutisha na kuushambulia mji wa Sarajevo. Radovan Karadžić, aliyekuwa kiongozi wao, naye mwisho alipewa kifungo cha maisha, mwaka 2019. Kati ya mashahidi waliosimama kueleza uharibifu wa misikiti, makanisa na maktaba alikuwa András Riedlmayer, mkutubi wa Marekani. Mkutubi, mahakamani, akihesabu vitabu. Naona ni haki kabisa.

Wakati wa vita magofu ya Vijećnica yalipata mgeni. Vedran Smailović, mpiga chelo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu amekaa, aliingia ndani ya ukumbi ulioungua, kavaa suti yake nyeusi ya jukwaani, akakaa juu ya kifusi akapiga. Picha hiyo ilizunguka dunia. Ilisaidia, siwezi kukataa, watu wa mbali waliiona Sarajevo kwa sababu yake. Ila tukumbuke kwamba mbele ya kamera kulikuwa na mtu mmoja, na nyuma yake kulikuwa na mji mzima usiokuwa na maji.

Vita viliisha kwa mkataba wa Dayton mwishoni mwa 1995. Mwaka uliofuata kazi ya kuliokoa jumba ilianza, na Austria, ile iliyolijenga, ikatoa fedha za kwanza. Kuba likafunikwa tena ili mvua isimalize kilichobaki. Halafu ikaja hela ya Umoja wa Ulaya, ya Uhispania na wengine. Kazi ilisimama, ikaendelea, ikasimama tena. Wale wenzangu wanaofanya na mashirika wanaijua hiyo, mradi ukiisha bajeti mafundi wanakaa. Mafundi walifuata picha za zamani na michoro. Kwenye mapambo, palipobaki kipande cha plasta ukutani walikitumia kama kielelezo cha kutengenezea vingine. Tarehe 9 Mei 2014 likafunguliwa tena. Miaka 22 tangu moto, na kati ya hiyo karibu 18 ya kutengeneza.

Picha za ndani ni nzuri mno. Vioo vya rangi vinang'aa. Kuna wanaolalamika kwamba limekuwa jipya kupita kiasi, kwamba ungedhani hakuna kilichotokea, na kwamba kona moja ingeachwa na masizi yake. Mimi niko upande wa waliolirudisha lote. Mtu aliyeunguliwa nyumba yake hapendi kulala kwenye masizi ili mgeni apate cha kujifunza.

Lakini kuna kibao mlangoni, na hicho kina mjadala. Kinasema kwamba wahalifu wa Kiserbia ndio waliochoma jengo mwaka 1992, na kinawataka wapitao wasisahau. Kweli waliochoma wanajulikana. Shida ni lile neno linalotaja kabila zima. Kwa sababu ndani ya Sarajevo iliyozingirwa walikuwemo Waserbia pia, wakila njaa ileile. Jovan Divjak, jenerali aliyekuwa kati ya wakuu wa ulinzi wa mji, alikuwa Mserbia. Mtoto wa Kiserbia anayepita mlangoni leo, aliyezaliwa baada ya vita, asome nini pale? Wengine wanajibu kwamba kuficha jina la mhalifu ni kumsaidia. Sisi wa Maziwa Makuu tunaujua mjadala huu kwa majina mengine, na najua hata humu ndani tukiuanzisha tutakesha. Mimi ningeandika jina la jeshi na la makamanda waliotoa amri, na kabila ningeliacha.

Sasa vitabu. Kuta zilirudi, kwa sababu kuta ni hela na picha na mafundi. Vitabu je? Maktaba zilizo nje zilichangia vitabu vilivyochapishwa, hivyo vinaweza kununuliwa popote. Mswada wa mkono uliokuwa mmoja tu duniani, ukishaungua umeungua. Isipokuwa kitu kimoja. Miaka ya nyuma, kabla ya vita, watafiti wa nchi nyingine walikuwa wakija Sarajevo, wanapiga picha au kutoa kopi ya kurasa walizozihitaji, wanarudi nazo kwao. Riedlmayer na wenzake wakaanza mwaka 1994 kuwatafuta watu hao mmoja mmoja: una kopi gani kwenye kabati lako? Kurasa kumi huku, mswada mzima kule. Vitu ambavyo mtu alijihifadhia kwa ajili ya utafiti wake mwenyewe vikawa ndiyo nakala pekee iliyobaki.

Mji wenyewe nao ulikuwa na waliofikiri mapema. Maktaba ya Gazi Husrev-beg, ya tangu karne ya 16, iliokoa miswada yake kwa sababu wafanyakazi waliihamisha kwa siri mara kadhaa, kwenye maboksi, kutoka jengo moja hadi jingine katikati ya mabomu. Na kuna Haggadah ya Sarajevo, kitabu cha sala cha Wayahudi kilichotengenezwa Uhispania katika karne ya 14, kikaja na wale waliofukuzwa. Wanazi walipokitaka, mkutubi Mwislamu wa makumbusho ya taifa, Derviš Korkut, alikificha. Mwaka 1992 kikaokolewa mara ya pili. Kitabu hicho kimekimbia kuliko sisi wote humu.

Kwa nini nashikilia habari ya karatasi? Mkataba wa Dayton una kiambatisho cha saba, kinachohusu wakimbizi. Kinasema mkimbizi ana haki ya kurudi, na haki ya kurudishiwa nyumba yake na mali yake, au kulipwa fidia kama haiwezekani. Zaidi ya watu milioni mbili walikuwa wamehama, karibu nusu ya nchi. Tume iliundwa kusikiliza madai ya mali, na kazi yake ilitegemea kumbukumbu za kabla ya vita: daftari za ardhi, za nyumba, za makazi. Palipokuwa na daftari, mtu alirudi akagonga mlango akiwa na uamuzi mkononi, na aliyekuwa amekaa ndani akatakiwa kutoka. Watu wengi sana walipata nyumba zao kwa njia hiyo. Si wote walibaki kuishi huko, wengine waliuza wakaondoka, lakini waliuza kilicho chao.

Linganisha na Warundi waliokimbia 1972. Walirudi baada ya miaka 30 na zaidi, wakakuta kwenye shamba la baba kuna familia nyingine, na watoto wa familia hiyo wamezaliwa hapohapo. Ushahidi ulikuwa mzee mmoja anayekumbuka mpaka ulipopita, kama bado yuko hai. Sisi wengi tukikaa kwenye mahojiano tunaulizwa cheti cha kuzaliwa, na jibu ni lile lile, kilibaki komini, na komini iliungua. Anayeuliza anaandika "hana". Ni kweli hana, lakini neno hilo halisemi kwamba aliwahi kuwa nacho.

Ndugu mmoja hapa kambini amekuwa akipita kwa wazee na daftari la shule, anaandika majina ya vijiji, ya wazazi, ya vijito vya mipakani, nani alipakana na nani. Anapiga picha kila ukurasa kwa simu na kuzituma kwa watu watatu walio nchi tatu tofauti. Nilimwambia habari za watafiti wa Sarajevo na kopi zao, akacheka, akasema yeye alianza kwa sababu simu yake ya kwanza iliibwa.

Vijećnica leo ni mali ya mji. Baraza la mji linaitumia kwa shughuli zake, kuna makumbusho chini, maonyesho juu, na watalii wananunua tiketi kuingia. Maktaba ya Taifa haikurudi kukaa pale. Palikuwa na ubishi mrefu kati ya maktaba na mji, jengo ni la nani, na mji ukashinda. Vitabu vilivyookolewa, pamoja na vilivyokusanywa upya, viko upande mwingine wa Sarajevo, kwenye majengo ambayo zamani yalikuwa kambi ya jeshi.